Kupeleka Nanga Myanga

Mashua ikiwa ndani ya bwawa, imezungukwa na nyasi pande zote na ng'ombe wanaitazama kutoka kila ukingo, itapotelea wapi hata ihitaji nanga?

Swali hilo niliulizwa na fundi wa kuchomelea vyuma kule Kibomet, hapa Kitale, na sikuwa na jibu. Nilitoka chuo kikuu nikiwa na majibu ya karibu kila jambo, hasa mambo ambayo hakuna aliyeniuliza, lakini hilo lilinishinda. Nikamwambia, "Wewe choma tu."

Sasa tangu nirudi Kitale mmenipigia simu mmoja mmoja. Mmoja amesikia nilizama. Mwingine amesikia nimeokoka. Wa tatu ameona kipande cha video na anataka kujua kwa nini kina mama wa kwaya ya Myanga wamenenepa ghafla namna ile. Nimechoka kusimulia vipande. Someni yote mara moja, mniache.

Kwanza mjue watu wawili. Wa kwanza ni Khocha Wekesa, kaka yake mama, afisa wa kilimo mstaafu. Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe wa maziwa. Yeye alinunua mashua. Si kubwa: ya faiba, nyeupe yenye mstari wa buluu, imetumika na kuchoka, ina injini ndogo nyuma. Ililetwa na lori ikiwa imefunikwa turubai, na majirani wakadhani ni maiti ya tajiri. Akaiweka katika bwawa lililo nje kidogo ya Myanga, akapanga viti vya plastiki ukingoni, akapanda minazi miwili ambayo mpaka leo inafikiria kama itaota, na akasimamisha kibao chenye picha ya pomboo: MALINDI NDOGO, BURUDANI KWA FAMILIA.

Wa pili ni mama yangu. Mama anaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, na kwaya ilikuwa imeamua kurekodi video ya wimbo wao mpya juu ya maji, Jumamosi, ndani ya mashua ya Khocha. Mama hajui kuogelea. Mama huogopa hata karai likijaa sana. Khocha alikuwa ameapa kwamba hakuna atakayepanda kabla sijafikisha nanga na majaketi ya kuokolea, lakini mama mwenyewe alinipigia simu Ijumaa asubuhi.

"Nafula, ukifika, sawa. Usipofika, Mungu yuko."

"Mama, Mungu alikupa mimi. Ningoje."

"Mtu wa video anatoka Bungoma na mashine zake zote. Nitamwambia nini? Ati tunangoja chuma?"

Hiyo ndiyo safari yenyewe. Nifike kabla mama hajapanda. Mengine yote ni chumvi.

KIBOMET: NANGA MBILI

Fundi anaitwa Simiyu. Nilimtumia picha ya nanga kwa simu, ile ya mikono minne inayotumiwa na mashua ndogo, nikamwambia aiunde kwa nondo. Nilipoenda kuichukua alinipa kitu cha kutundikia funguo.

"Nini hii?"

"Si nanga yako? Nimepima vizuri kabisa." Akanionyesha rula. Alikuwa ameipima juu ya kioo cha simu.

Nikamweleza kwamba inatakiwa kushikilia mashua na watu ndani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyedharauliwa, akazima redio, akaanza upya. Mara hii hakupima kabisa. Nanga ya pili ilikuwa na urefu wa mbuzi na uzito wa mbuzi wawili, na kwa kuwa kazi yake kubwa ni mageti ya watu wenye nyumba mpya, kila mkono ulimalizikia kwa ncha ya mkuki iliyopakwa rangi ya dhahabu.

"Dhahabu ni ya nini, Simiyu? Inaenda chini ya maji."

"Kitu bila urembo ni chuma tu, madam."

Sikuwa na muda wa kubishana kuhusu sanaa. Nikachukua nanga, nikachukua gunia la majaketi manane mekundu, nikachukua kamba niliyokuwa nimenunua, na nikasimama kando ya barabara nikionekana kama mtu aliyeng'oa geti la jirani.

NAITIRI: DAKIKA KIDOGO TU

Kutoka Kitale hadi Myanga ni safari ambayo mtu mwenye akili huifanya kati ya chai na chakula cha mchana. Mimi nilipata lifti ya Barasa. Barasa ana pikapu, na ndani yake siku hiyo kulikuwa na tangi la maji la plastiki, jipya, kubwa kuliko pikapu yenyewe.

"Nakufikisha Bungoma leo leo," aliniambia. "Napitia tu Naitiri dakika kidogo, nishushe tangi."

Mtu yeyote aliyekaa Kenya zaidi ya wiki moja anajua dakika kidogo ni kipimo cha namna gani. Nilijua. Nikapanda.

Tulipoingia katika boma la wenye tangi, hakuna aliyelitazama. Ajuza mmoja, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani bibi, alikuja moja kwa moja hadi nyuma ya pikapu, akashika ncha ya dhahabu, akageuka na kupaza sauti:

"Fundi amefika! Kalibu, fundi! Kalibu sana!"

"Fundi wa nini?" nikamuuliza Barasa.

"Mi sijui. Labda ya tangi."

Haikuwa ya tangi. Wale ambao mmekunywa maji ya mfereji maisha yenu yote niwaeleze: ndoo ikikatikia kisimani, hutolewa kwa chuma chenye mikono kama ndoana, kinachoshushwa kwa kamba na kuvurugwa huku na huku mpaka kinase. Watu hawa walikuwa wametuma ujumbe Kitale waletewe chuma hicho pamoja na fundi wake. Na hapo ikatokea pikapu, chuma chenye mikono minne, kamba juu yake, na msichana mwenye uso wa mtu anayejua mambo.

"Kukhu, hii si ya kisima. Ni nanga. Ni ya mashua."

"Mashua iko wapi?"

"Myanga."

"Myanga kuna bahari siku hizi?"

"Kuna bwawa."

Kukhu akanipima kutoka juu hadi chini. "Basi hiyo mashua ingoje. Ndoo yangu imengoja tangu Krismasi."

Ningesema nini? Barasa alikuwa tayari ameketi kivulini na kikombe cha chai. Mtoto wake Kukhu, mwanamume wa makamo anayeitwa Wanjala, alifunga kamba, akaishusha nanga yangu kisimani, na nikalazimika kusimama pale nikitoa maelekezo ambayo sikuwa nayo. "Zungusha kushoto," nilisema kwa sauti ya kitaalamu. Akazungusha kushoto. Ikatoka ndoo ya Kukhu. Wakashangilia. Ikatoka sufuria. Ikatoka ndala moja. Kisha ikatoka ndoo ya buluu ambayo haikuwa ya mtu yeyote katika boma lile: ilikuwa ya jirani, na jirani alikuwa amekana kwa kiapo mbele ya mchungaji kwamba hajawahi kuteka maji pale usiku.

Jirani akaitwa. Akaitazama ndoo. Akasema, "Kumbe iliibiwa na kisima." Watu wakacheka hadi wakashikana mabega, uhasama ukaisha, na kwa furaha ya upatanisho ikaonekana ni haki na yeye pia kisima chake kivuliwe.

Hapo ndipo kamba yangu ilipokufa. Katika kisima cha jirani nanga ilijibana chini ya jiwe, na wanaume wote wa pande zile waliivuta kwa pamoja juu ya ukingo wa saruji, wakiimba. Nanga ilitoka. Kamba ilibaki nyuzi nyuzi, kama nywele za mwanasesere.

"Usijali, fundi," Wanjala akanipa moyo. "Kamba ni kitu kidogo."

Nikataka kuondoka. Kosa lingine. Kuku alikuwa amekwisha kuchinjwa, na katika nchi yetu ukiondoka wakati ingokho iko jikoni umewatukana hai na wafu. Tukangoja. Ikaja na ugali wa mtama wa kahawia, mchuzi mwingi, na swali zito kuliko yote ya siku ile: imondo ataila nani? Imondo ni firigisi, na kwetu ni ya baba mwenye nyumba au mgeni mwanamume wa heshima.

"Apewe fundi," alisema Wanjala.

"Fundi ni msichana," mzee mmoja akakumbusha, kana kwamba nilikuwa nimelificha.

"Kwani ndoo ilitolewa na nani?" Kukhu akamgeukia. "Na wewe?"

Niliila. Niliitafuna polepole huku mzee yule akinitazama kama mtu anayeona shamba lake likiuzwa. Wakati tunamaliza, mvua ilikuwa imefanya barabara kuwa uji, na Barasa akatangaza kwamba pikapu yake haipendi matope jioni. Tukalala Naitiri. Kabla sijalala nilimpigia mama simu.

"Uko wapi?"

"Naitiri. Nimekuwa fundi wa visima."

"Sasa wewe na hiyo digrii yako," alisema, wala hakucheka. "Sisi tunaanza saa nne. Tutaomba kwanza. Ukikuta tumeingia maji, kaa kando utuangalie."

BUNGOMA: KITI GANI?

Asubuhi Barasa alinishusha Bungoma mjini, akanitakia kila la heri na nanga yangu, akatoweka. Nilihitaji kamba. Karibu na msikiti kuna duka la vifaa la Mzee Salim, ambaye familia yake imeuza misumari pale tangu kabla mji haujajua kwamba ni mji. Alinikaribisha kwa chai ya tangawizi na mahamri kabla hajaniuliza nataka nini, jambo ambalo kwa haraka niliyokuwa nayo lilikuwa karibu mateso.

"Kamba ya nanga, Mzee. Ndefu."

"Bwawa lina kina gani?"

"Sijui. Labda nyumba moja kwenda chini."

"Basi kata kamba ya nyumba moja."

Nilikuwa nimesoma usiku ule, kwenye simu, kwamba kamba ya nanga hutakiwa kuwa mara nyingi zaidi ya kina cha maji, ili nanga ivutwe kwa ubavu na kuuma chini, isiinuliwe wima kama ndoo. Nilimweleza. Nilichora hata mchoro juu ya karatasi ya mahamri. Mzee Salim aliutazama kwa heshima kubwa.

"Binti, unafunga mashua au unafunga Bungoma yote?"

"Nipe bunda zima."

"Mteja ni mfalme," alisema, kwa namna ya mtu aliyezika wafalme wengi.

Kosa langu lilikuwa kufungua gunia la majaketi nje ya duka ili niingize kamba. Jaketi jekundu, jipya, jingi, katika mji wenye vijana waliosimama bila kazi maalumu. Kabla sijafunga gunia nilikuwa nimezungukwa.

"Niaje, madam. Hizi ni za nani?"

"Za khocha wangu."

"Khocha anasimamia kiti gani?"

"Hasimamii kiti. Ana mashua."

"Aaah!" Kijana mmoja, ambaye wenzake walimwita Brayo, akawageukia kwa furaha ya mtu aliyefumbua fumbo. "Alama yake ni mashua!"

"Hapana. Ana mashua ya kweli. Haya ni ya kuvaa mtu asizame."

"Tunaelewa, madam. Hata sisi hatutaki azame. Tuko na watu huku, tuko na watu Myanga, tuko na watu kila mahali. Mashua juu!"

"Juu!" wakajibu wengine, na sauti zao zilikuwa zimezoea kazi hiyo.

Nilijaribu kueleza. Niliulizwa mafuriko yako wapi. Niliulizwa kama khocha ana fulana pia, maana jaketi lina joto. Mwishowe niliacha elimu ya umma nikatumia njaa yao ya uongozi: niliwaambia wanibebee nanga hadi kwa bodaboda. Waliibeba mabegani kama kombe la mpira, wakiimba mashua juu barabara nzima, na kina mama wauza nyanya wakauliza mgombea ni nani na kama ameoa. Tulipofika, jaketi moja lilikuwa limetoweka pamoja na Brayo. Naamini mpaka leo yuko mahali fulani Bungoma, amevaa, anangoja kuapishwa kwa khocha wangu.

Simu ikalia. Mama. "Tumeshaanza maombi."

MYANGA: KITU CHA KUCHOMA NYAMA

Mwenye boda aliitazama nanga kwa muda. "Siste, hii ni ya kuchoma nyama, sindio? Mbuzi mzima?"

"Ndio," nikasema. Nilikuwa nimejifunza.

Ilibidi niipakate. Ncha mbili zilitokeza kushoto, mbili kulia, na ninaweza kushuhudia kwamba hakuna gari lililotubana kuanzia Bungoma hadi Myanga. Hata malori yalitupa nafasi kwa adabu. Soko la Myanga lilikuwa limejaa, na tukalivuka kwa mwendo wa maandamano ya harusi kwa sababu kila mtu alitaka kujua huyo mbuzi analiwa kwa nani. Kwa haraka nilijibu, "Kwa Wekesa, bwawani." Wakati wa kurudi nilielewa kwamba hilo lilikuwa kosa. Watu kadhaa walikuja na vibuyu vya chumvi.

Mvua ya siku iliyotangulia ilikuwa imejaza kila mfereji. Njia ya mwisho, kati ya miwa, ilikuwa telezi mpaka tukashuka na kusukuma pikipiki, mimi nikiburuta nanga kama jembe. Nilisikia spika kabla sijaona maji: wimbo wa kwaya, umerekodiwa tayari, unapigwa kwa nguvu kutoka ukingoni ili waimbaji wafuatishe kwa midomo tu.

BWAWANI

Mama alikuwa ndani. Amekaa mbele kabisa, mikono imeshika pande mbili za mashua, anatabasamu kwa meno yote kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Nyuma yake kwaya nzima ilikuwa inapanda, watu zaidi ya ishirini katika chombo cha watu wanane, na maji yalikuwa yamebakisha upana wa kiganja kuingia.

"Shukeni!" nilipiga kelele. "Wote!"

"Mwiwa wangu amefika!" Khocha alisema, yaani mtoto wa dada yake, huku akinyoosha kofia yake ya unahodha. "Umechelewa, lakini umefika. Weka hiyo nanga ukingoni ionekane kwa video, inang'aa vizuri."

Hakuna aliyeshuka. Kwa hiyo nilifanya jambo pekee linaloheshimika katika mikutano yetu: nilikaa njiani. Nilikaa juu ya kamba iliyoifunga mashua kwenye mti na nikakataa kuinuka. Nikasema watapanda watu kwa idadi ya majaketi saba yaliyobaki, basi. Kukawa na kelele. Kiongozi wa kwaya akasema mimi si mshiriki. Mtu wa video, kijana mwenye miwani ya jua iliyokaa kichwani, akasema majaketi mekundu yataharibu rangi ya picha. Na mama yangu mwenyewe akasema, kutoka mbele ya mashua:

"Nafula, hii nguo nimeishonesha Bungoma. Nikae nayo nimefunikwa na godoro?"

"Mama, hujui kuogelea."

"Na wewe hujui kuimba. Nimekuambia uache?"

Watu walicheka, na katika kicheko hicho niliona vidole vyake. Havikuwa vimeachilia mashua hata wakati wa kunijibu.

Ni mchungaji wao aliyetuokoa, kwa njia yake. Aliangalia saa, akaangalia wingu zito lililokuwa linashuka kutoka upande wa Mlima Elgon, akasema, "Majoho si mko nayo? Vaeni majaketi ndani, majoho juu. Mungu ataona majoho, maji yataona majaketi."

Hivyo ndivyo kwaya ilivyonenepa. Walichaguliwa watano, mama wa kwanza; waliobaki ukingoni walininunia, na baadhi yao wangali wananinunia. Majoho meupe yalipovutwa juu ya majaketi, kila mmoja alionekana kama mke wa waziri. Khocha alivaa jaketi lake juu ya shati akilalamika. La mwisho nilivaa mimi, kwa sababu nilisema nanga haiendi bila mimi, na mtu wa video akasema mimi sitaonekana katika kazi yake. Tukapatana nilale sakafuni, miguuni pa sauti ya kwanza, nimekumbatia nanga.

Mimi, mhitimu, nilianza safari ya majini nikiwa chini ya joho la mama yangu.

Injini ikawaka. Mashua ikaenda vizuri, siwezi kukana. Niliona anga, pindo za majoho, na viatu vya mama vikipiga mdundo. Kutoka ukingoni mtu wa video akapaza sauti kwa kipaza sauti: "Sogeeni kule, kwa yale maporomoko! Hapo ni poa sana!"

Maporomoko. Niliinua kichwa. Upande wa pili wa bwawa kulikuwa na mdomo, mahali ambapo ukuta umeshushwa ili maji yanayozidi yatoke, na baada ya mvua zile yalikuwa yanamwagika kwa upana wa mashua mbili, kwenda chini kwenye mawe. Nilikuwa nimeulizwa Kibomet mashua itapotelea wapi. Nilikuwa naangalia jibu.

"Khocha, usisogee kule!"

"Lala chini, unaonekana."

Akasogea. Na karibu na mdomo ule, mahali maji yalipokuwa yamekusanya magugu yote ya bwawa, injini ikakohoa, ikajisokota, ikazima. Magugu yalikuwa yamejifunga kwenye propela. Khocha akavuta kamba ya kuwasha. Akavuta tena. Upepo wa lile wingu ukafika wakati huohuo, ukatupiga ubavuni, na mashua ikaanza kwenda yenyewe, taratibu, kwa adabu, upande ambao sisi hatukutaka.

Kina mama walielewa kabla ya Khocha kukubali. Wakaacha kufuatisha wimbo. Wakainua mikono juu na kuipunga kwa watu wa ukingoni: kushoto, kulia, kushoto, kulia, wote kwa pamoja, maana miaka ya mazoezi haiachi mtu hata anapokufa. Spika iliendelea kuimba kwa niaba yao.

"Vizuri sana!" kipaza sauti kikajibu. "Hiyo staili ni moto! Endeleeni hivyo hivyo!"

Nilisimama. Mashua ikayumba, mtu akapiga yowe. Nikainua nanga hadi kifuani, na nilikuwa nimeshaiegemeza ukingoni mwa mashua wakati mama aliponishika mkono.

"Mwisho mwingine umefunga wapi?"

Nikatazama. Bunda zima la kamba ya Mzee Salim lilikuwa limelala sakafuni, na mwisho wake haukuwa umefungwa popote. Nilikuwa nimesoma urefu wa kamba, pembe ya kamba, unene wa kamba.

Kulikuwa na pete ya chuma pale mbele, kati ya magoti yake. Alinielekeza kwa kidevu, maana mikono yote miwili alikuwa ameirudisha kushika mashua. Nilifunga fundo, nikalifunga tena juu yake, nikafunga la tatu kwa woga. Kisha nikaitupa. Kamba ikakimbia juu ya viatu vyetu, ndefu, ndefu, na nikaiacha ikimbie kama nilivyosoma. Ikakaza. Mashua ikasita. Kisha ikaendelea kwenda.

"Inaburuta," nilisema.

Sauti ya maji yanayoanguka ilikuwa imemeza spika. Mama alifumba macho, na midomo yake ikawa inasema kitu kisichokuwa katika wimbo. Niliweka mkono wangu juu ya wake, na baridi ya vidole vile ninaikumbuka kuliko mengine yote ya siku hiyo.

Kisha kamba ikashtuka. Ilipiga kama mtu aliyegonga mlango kwa teke. Mashua ikageuka, pua yake ikatazama upepo, na ikasimama. Mdomo wa bwawa ulikuwa nyuma yetu karibu kiasi cha kuona mawe chini, yaliyolowa na kung'aa. Tukakaa pale tukitikisika kama nguo kwenye waya, wanene sote, huku Khocha akiinama nyuma na kisu cha jikoni kukata magugu kutoka kwenye propela, kofia yake imeshaanguka majini na kututangulia kule chini.

Injini ilipowaka tena, tulijaribu kuvuta nanga. Haikuja. Tulivuta sote, hata mama, aliyekuwa ameachilia mashua kwa mara ya kwanza. Haikuja kabisa. Khocha akakata kamba.

KURUDI

Ukingoni kila mtu alijua ni nani aliyetuokoa. Mchungaji alijua ni maombi, na hasa yale ya asubuhi, ambayo mimi sikuyakuta. Khocha alijua ni yeye, maana ndiye aliyeagiza nanga. Simiyu, nilipompigia simu, alijua ni uzito, akaongeza kwamba dhahabu nayo ilichangia. Mzee Salim alisema kamba yake haijawahi kumwangusha mteja. Na mimi nilijua zaidi ya wote: ni pembe. Kamba ndefu, mvuto wa chini, nanga ikauma udongo kama kitabu kinavyosema. Nilieleza hayo wakati wa chakula, kwa mchoro, kwa watu waliokuwa wanamngoja mbuzi ambaye hayupo.

Mama alinifungia kifurushi cha ndizi na mayai ya kuchemsha, akanisindikiza hadi barabarani akiwa bado na jaketi chini ya joho. Nilipomkumbusha alivue, akasema kuna upepo.

Nilirudi Kitale kwa njia ya moja kwa moja, bila kisima, bila mgombea. Safari ilikuwa fupi na ya kuchosha na haina la kusimuliwa.

Hili la mwisho nimelijua juzi tu, miezi mingi baadaye. Kiangazi kimekuwa kikali, bwawa limekauka hadi karibu katikati, na Khocha alishuka na viatu vya mvua kutafuta nanga yake. Kote ni tope laini, aliniambia, tope ambalo fimbo inazama hadi mpini bila kugusa kitu. Nanga ilikuwa imechora mfereji mrefu ndani yake bila kushika chochote, hadi ilipofika kwenye ukuta wa saruji na kuingiza mkono mmoja juu ya ukingo. Ni josho la ng'ombe, la zamani kuliko bwawa. Mama analikumbuka likijengwa. Halikuogesha ng'ombe hata mmoja, kwa sababu waliolijenga walikosea mahali.